Mama Chupa na Kitabu Kisichouzwa

Nianze kwa kugombana na wewe kidogo, maana najua unavyofikiri. Ukisikia kuna mwanamke anaosha vyombo shuleni, picha inayokujia ni ya masufuria. Basi ifute. Sahani ikibaki na tone la maji, chakula kinaliwa na maisha yanaendelea. Bureti ikibaki na tone la maji, wanafunzi arobaini wanapata majibu ya uongo, na mwalimu wao anajikuna kichwa kutwa nzima akidhani ni yeye aliyekosea hesabu. Na kama hujawahi kuiona bureti, ni bomba jembamba la kioo, refu kama mkono wako, lenye alama ndogondogo ubavuni, la kupimia dawa tone kwa tone. Ikivunjika moja, shule nzima inapata habari.

Mwanamke ninayemsema hapa alikuwa na miaka tisa hajavunja bureti. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Chupa, likamganda, mpaka walimu na walinzi nao wakamwita hivyohivyo, na mumewe pia kila akitaka kumchokoza. Aliajiriwa kama mfagiaji wa uwanja. Mhudumu wa zamani wa maabara alipostaafu, akaambiwa ashike maabara kwa muda, watafute mtu. Huo muda ulikuwa umefika miaka ishirini na miwili.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, na meza sita za mbao zilizotobolewatobolewa na asidi, karo mbili, moja inavuja, na dirisha lisilofunga sawasawa. Ukuta mmoja mzima ulijaa vigingi, na kila chombo kilikuwa na kigingi chake cha kuning'inia kichwa chini mpaka kikauke. Wewe ukitundika chupa ya mviringo kwenye kigingi cha neli, vile vibomba vya majaribio, yeye hasemi kitu. Anakusubiri utoke, anaihamisha, halafu anakukumbuka. Ufunguo wa kabati la dawa ulikaa shingoni mwake kwa utepe. Alikuwa akifungua mlango asubuhi, ananusa mara moja, anajua jana kidato gani kilifanya nini na nani alimwaga.

Shule aliiacha kidato cha pili. Hakufeli wala hakufukuzwa. Mama yake aliugua, akatakiwa mtu wa kumtazama, na yeye ndiye alikuwa msichana mkubwa nyumbani. Hadithi hiyo unaijua, sina haja ya kukuchosha nayo.

Sasa, Jumatatu moja mwalimu mkuu alimwita ofisini. Mezani palikuwa na barua ya ofisi ya elimu, na mwalimu mkuu akaisoma yote bila kupumua. Wahudumu wote wa maabara wasio na cheti watapimwa na mkaguzi baada ya miezi minne. Maswali kumi ya ana kwa ana. Atakayepata saba atapewa cheti na kubaki. Atakayeshindwa atapangiwa kazi nyingine.

"Kazi nyingine ndiyo ipi?" Mama Chupa akauliza.

"Kwako wewe, uwanja. Kufagia kama zamani."

"Na maabara?"

"Wataleta mtu."

Kufagia hakukumtisha, alishafagia. Hilo la kuleta mtu ndilo lililomkata maini. Mtu gani? Mtu anayejua kwamba karo ya kushoto inavuja ukiifungua sana? Mtu anayejua kwamba mizani ya tatu inadanganya nukta mbili? Alitoka pale ofisini amekaza uso, akaenda maabara, akaosha chupa kumi na nne zilizokuwa safi tayari.

Mwishoni mwa barua kulikuwa na mstari mmoja: maswali yatatoka katika kitabu fulani cha kemia ya msingi, *kinachopatikana bila malipo mtandaoni*. Jina la kitabu lilikuwepo. Mama Chupa alilinakili kwenye kiganja, na Jumamosi akaenda kukinunua.

Ndiyo, kukinunua. Usicheke. Yeye katika maisha yake alikuwa hajaona kitabu kinachopatikana mahali pasipo na kaunta. Alizunguka maduka matatu ya vitabu. La kwanza wakasema hawana. La pili wakasema kimekwisha, uongo mtupu. La tatu muuzaji, mama wa makamo kama yeye, alikitazama kiganja, akatikisa kichwa.

"Hiki hakiuzwi, dada yangu."

"Hakiuzwi kivipi? Kimepigwa marufuku?"

"Hakiuzwi tu. Nenda maktaba ya mjini, umwone mkutubi. Mwambie unataka kitabu cha bure cha mtandaoni."

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mumewe ni fundi saa. Meza yake iko sebuleni kwenye mwanga wa dirisha, na huongea bila kuinua macho, kile kikombe cha lenzi ya kukuzia kimeng'ang'ania jicho moja.

"Kitabu cha bure," akasema. "Cha kurasa ngapi?"

"Mia sita na kitu."

"Mtu akae aandike kurasa mia sita halafu akupe wewe bure, hakujui, humjui. Mke wangu, wakikuomba namba ya siri, zima simu haraka."

"Namba ya siri ya nini, na simu yenyewe haina kitu?"

"Ndiyo maana nakwambia uzime. Watakuchukulia hata hicho ambacho hakimo."

Mkutubi alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya chini, sauti ya watu wa maktaba. Alimkalisha mbele ya kompyuta, akaandika jina la kitabu, na hicho hapo, jalada la buluu, sura kumi na tatu na nyongeza mbili. Mama Chupa hakugusa kitu. Aliomba ateremshwe mpaka chini kabisa ya ukurasa, halafu apandishwe, halafu ateremshwe tena.

"Unatafuta nini, mama?"

"Natafuta wanapotaka hela."

"Hawataki. Waandishi walishalipwa na vyuo vyao kabla hujaja. Walichokitaka ni kisomwe. Ona ruhusa yao hii hapa." Mkutubi akamsomea polepole, maana kitabu chote kilikuwa kwa Kiingereza. Unaruhusiwa kusoma, kuchapa, kumgawia mwenzako, kufundishia. Na ukiona kosa, kuna mahali pa kuwaandikia.

"Mimi niwaandikie wao?"

"Yeyote. Kibonye ndicho hiki."

Mama Chupa alimtazama aone kama anafanyiwa masihara. Hakufanyiwa. Mkutubi akampakulia kitabu kwenye simu, sura moja baada ya nyingine kwa sababu mtandao wa pale ulikuwa wa kusuasua na kitabu kizima kiligoma kushuka kwa mpigo. Akamwazima na kamusi. Mama Chupa aliondoka na kitabu cha kurasa mia sita kwenye mkoba na mkoba haukuzidi uzito hata kidogo, na jambo hilo lilimpa wasiwasi njia nzima.

Ratiba yake ya kusoma ilipangwa na vyombo. Kila saa nne asubuhi huwa ameshaosha vya kipindi cha kwanza na kuvitundika, na vyombo vikishatundikwa huhitaji dakika arobaini kukauka. Zamani dakika hizo alizitumia kushona vifungo au kusengenya na mpishi. Sasa alikaa kwenye kiti chini ya dirisha, simu mkono huu, kamusi magotini, daftari juu ya kamusi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na kwa kweli hata hayo maji angepewa nusu glasi. Mwanzoni ukurasa mmoja ulimla siku mbili.

Sura ya kwanza aliimaliza. Vipimo, uzito, ujazo, jinsi ya kusoma alama kwenye bureti. Mengine alikuwa akiyajua kwa vidole. Alichokosa ni majina yake. Alifurahi, akajiona anaweza. Akafungua faili iliyofuata, na hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo.

Sura iliyofuata ilianza moja kwa moja na elektroni. Kitu hiki kinakinyang'anya kile elektroni, kile kinabaki hivi, hiki kinageuka vile, chaji inapanda, chaji inashuka. Elektroni ni nani? Kitabu kilimsemesha kana kwamba wameshatambulishwa. Alirudi nyuma kuangalia kama aliruka kitu, hakuona. Akasoma tena. Akanakili sentensi nzimanzima kwenye daftari bila kuzielewa, akazikariri njiani akienda na kurudi. Akaingia sura ya baada ya hiyo, ikawa mbaya zaidi. Wiki tatu zikaenda. Siku moja mwalimu wa kemia aliingia kuchukua chaki akamkuta amefumba macho, midomo inachezacheza.

"Mama Chupa, unasali?"

"Nakariri, mwalimu."

"Nini?"

Akamwambia. Mwalimu, kijana aliyekuwa hapo shuleni mwaka wa sita, alisema hiyo ni ngumu hata kwa kidato cha nne, asijilaumu. Alisema kwa wema, lakini Mama Chupa alisikia kitu kingine: hutaweza. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba kichwa chake kimeshakauka, bora azoee ufagio mapema. Fundi saa akatoa kile kikombe jichoni, jambo ambalo huwa halifanyi ovyo.

"Saa ikinishinda," akasema, "huwa siilaumu saa kwanza. Naangalia nimeifungua kwa mpangilio gani. Rudi kwa yule binti umwonyeshe ulivyofungua."

Alirudi shingo upande. Mkutubi aliichukua simu, akatazama orodha ya sura, akauma mdomo asicheke, akashindwa.

"Mama, ulisoma ya kwanza, halafu?"

"Halafu hii inayofuata. Si ndiyo hii?"

"Hii ni ya kumi."

Kumbe simu hupanga faili kwa kuangalia tarakimu ya mbele tu. Moja, kisha kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, maana zote zinaanza na moja, ndipo ije mbili. Mama wa watu alikuwa ametoka sura ya kwanza akarukia ya kumi, na ya pili mpaka ya tisa zilikuwa zimekaa chini kule zikimngoja kwa adabu zao. Wiki tatu nzima alikuwa akipanda ukuta na mlango upo wazi.

Je, alikasirika? Sana. Aliitukana simu kwa maneno ambayo maktaba haikuwahi kuyasikia. Halafu akaenda akafungua sura ya pili, na nakwambia ilishuka kama uji. Elektroni akatambulishwa rasmi, ni nani, anakaa wapi, ana tabia gani. Ya tatu, ya nne, ya tano. Pale ukurasa mmoja ulipokuwa ukila siku mbili, sasa asubuhi moja ilikula kurasa kumi, na jioni nyumbani kumi nyingine. Alianza kumsahihisha mumewe matamshi ya maneno ambayo mumewe hakuwa ameyasema.

Na zile wiki tatu hazikupotea. Hili ndilo linalonifanya nimsimulie huyu mwanamke kwa kila anayenisikiliza. Asubuhi moja alikuwa karoni anahangaika na bureti yenye doa. Kidato cha nne walikuwa wametumia pamanganeti, dawa ya zambarau inayopendeza macho, lakini ukiiacha ikae kwenye kioo inaacha doa la kahawia linalong'ang'ania hasa. Mama Chupa alikuwa na dawa yake ya doa hilo tangu zamani, ambayo aliigundua mwenyewe kwa kujaribu: ndimu. Unakamua, unaongeza maji kidogo, unamimina, unasubiri, doa linatoweka bila kusuguliwa. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba linatoka.

Basi ndimu iko mkononi, doa linaanza kuyeyuka, na kichwani mwake ikapita ile sentensi aliyoikariri njiani kama kasuku: kitu hiki kinakinyang'anya kile elektroni, nacho kinageuka kuwa kitu kingine. Akasimama. Doa linanyang'anya. Ndimu inanyang'anywa. Doa likishapata elektroni, linageuka kitu kinachoyeyuka kwenye maji, linaondoka zake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya sura ya kumi pale karoni kila wiki na hakuna aliyemwambia. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, akamaliza kuosha bureti akiwa hivyohivyo.

Ndipo akafika kwenye nyongeza. Nyongeza ya pili ya kitabu ilihusu utunzaji wa vyombo, na aliingoja kwa hamu, maana hiyo ilikuwa nyumbani kwake. Akasoma kuhusu neli, sawa. Mizani, sawa. Akafika kwenye doa la pamanganeti. Kitabu kikasema: *sugua kwa brashi na maji moto yenye sabuni mpaka doa litoke.*

Brashi. Ndani ya bureti. Na sabuni. Jamani, brashi ina waya katikati, waya unakwangua kioo, kioo kikikwanguliwa alama zinadanganya, na doa lenyewe litabaki palepale linakutazama. Waandishi sita, wote wana shahada za udaktari, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuosha chombo chake mwenyewe. Mama Chupa aliudhika kwa niaba ya bureti zote duniani.

Alikwenda maktaba mchana uleule. Alikaa saa mbili kwenye kompyuta, kamusi pembeni, na hakukubali mkutubi amwandikie. Alimruhusu kurekebisha herufi tu. Aliandika kwamba yeye ni mhudumu wa maabara, kwamba ukurasa fulani una kosa, kwamba brashi inakwangua, kwamba sabuni haina elektroni za kulipatia doa hilo lakini ndimu inazo, kama wao wenyewe walivyoeleza vizuri katika sura ya kumi. Akaeleza vipimo na dakika. Walipotaka jina kamili, akaandika la kwake, la baba yake na la babu yake. Akabonyeza.

Jibu lilikuja papo hapo: *Tumepokea ujumbe wako.* Akalinakili kwenye daftari, jioni akamwonyesha mumewe.

"Hiyo ni mashine," fundi saa akasema. "Hata mimi mtu akiniletea saa namwambia nimeipokea."

Na ikawa kweli. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, kimya. Mama Chupa akaacha kuuliza. Alikuwa na mtihani wa kuufikiria.

Siku ya mkaguzi alivaa koti lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkaguzi alikuwa mwanamume wa kama miaka arobaini, mpole, wa taratibu, mwenye fomu na kitabu kinene cha jalada la buluu. Alikuwa amekichapa na kukijalidi mwenyewe, kingo zimeshachakaa kwa kufunguliwa. Mwalimu wa kemia alikaa pembeni kama shahidi, kwa mujibu wa barua.

Maswali yakaanza. La kwanza alipata. La pili akapata. La tatu alichanganya alama mbili za kemikali, akakosa. La nne, la tano, akapata. La sita lilikuwa la hesabu, akakosa. La saba akapata. La nane likampita. La tisa lilikuwa jinsi ya kuchanganya asidi na maji, akajibu kabla mkaguzi hajafika mwisho wa swali. Mkaguzi akahesabu alama zake, akasema kwa sauti ya kawaida: "Una sita, mama. Limebaki moja."

Akasoma la kumi. "Bureti ina doa la kahawia lililoachwa na pamanganeti. Eleza jinsi ya kulisafisha."

Mwalimu wa kemia alishusha pumzi. Alijua Mama Chupa amekisoma kile kitabu kufa na kupona. Mstari wenyewe angeweza kuusema usingizini. Akamtazama kwa macho ya kumwambia, sema tu lililoandikwa tumalize.

Na Mama Chupa aliuona mstari ule mbele ya macho yake, neno kwa neno. Angetaja brashi, angetaja sabuni, angetoka pale na cheti. Alitaka kile cheti kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

"Maji ya ndimu," akasema. "Unamimina, unaacha dakika kumi, unasuuza mara tatu kwa maji safi. Brashi hapana. Sabuni haisaidii."

Mkaguzi akafungua kitabu chake kwenye nyongeza, akapitisha kidole. "Mama, rudia kidogo. Kitabu kinasema brashi na sabuni."

"Kitabu kimekosea."

"Kitabu hiki ndicho cha rejea."

"Najua, mkuu. Nimekisoma chote. Ni kizuri sana. Hapo kimekosea, na wenyewe niliwaandikia."

Mkaguzi hakucheka, na hilo namsifu. Aliweka kalamu chini. "Sawa. Nionyeshe. Leta bureti yenye doa hilo, nione kwa macho yangu."

Mama Chupa akageuka kwenye ukuta wa vigingi. Bureti kumi na mbili, zote zinang'aa. Akafungua kabati, akafungua droo, akatazama chini ya karo. Maabara nzima haikuwa na chombo kimoja kichafu. Aliosha vyote jana yake, na juzi yake, kwa ajili ya mgeni huyuhuyu, na doa kama lile halitengenezwi kwa nusu saa, linataka siku. Akabaki amesimama katikati ya usafi wake mwenyewe, mikono mitupu.

"Sina," akasema.

Mkaguzi akaichukua kalamu. Alionekana kuona huruma, lakini kwa kila swali fomu ina sanduku moja tu la kuweka alama, ndiyo au hapana.

"Subiri kidogo," mwalimu wa kemia akasema. "Mkuu, hicho ulichapa lini?"

"Mwaka jana."

"Kitabu hiki hubadilishwa kule mtandaoni." Alishatoa simu. Mtandao wa shule ukavuta, ukavuta, ukafunguka. Akateremka mpaka nyongeza ya pili, akasoma kimya, kisha akasoma tena kwa sauti, akitafsiri neno kwa neno. "Doa la pamanganeti huondolewa kwa maji ya ndimu au asidi nyingine ya aina hiyo, ambayo hulipatia doa elektroni na kulifanya liyeyuke. Angalia sura ya kumi. Usitumie brashi ya waya ndani ya bureti."

Mwalimu akaendelea kushuka. "Chini wameandika waliosahihisha toleo hili. Maprofesa wanne, na..." Akasoma jina refu, la mtu, la baba na la babu, na mbele yake maneno *mhudumu wa maabara*. Akainua kichwa. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mama Chupa.

Miaka sita walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja, na kijana wa watu alikuwa hajawahi kulisikia jina lake halisi. Aliona aibu waziwazi, akamwomba radhi, akasimama. Mkaguzi akavuta fomu, akalinganisha jina la kwenye fomu na la kwenye simu, herufi kwa herufi, kama sheria inavyotaka. Mama Chupa aliomba kukaa, akakaa kwenye kiti chake chini ya dirisha. Alijisikia mkubwa. Sijui nikwambieje zaidi ya hivyo. Mwanamke aliyeacha shule kidato cha pili alijisikia mkubwa ndani ya chumba chake, na alikuwa na haki yote.

Mkaguzi aliweka alama ya ndiyo kwenye sanduku la kumi, akajumlisha saba, akatia sahihi. Mwalimu mkuu aliitwa kugonga mhuri. Walipomaliza, Mama Chupa akadhani mgeni atafunga mkoba aondoke, ana shule nyingine ya kwenda.

Mkaguzi hakuondoka. Alikifungua tena kile kitabu chake cha kuchapa, akaweka rula, akakata mstari wa brashi na sabuni kwa wino mwekundu. Halafu akakisogeza kitabu karibu na ule upande aliokaa Mama Chupa, akashika kalamu tayari.

"Sema taratibu, mwalimu," akamwambia Mama Chupa. "Naandika. Ndimu ngapi?"

"Nusu," akasema. "Kwa bureti moja, nusu inatosha."